Koti la Kwenda Kwenye Barafu

Karatasi ya kukatia nguo huwa sipendi mtu aiguse. Lakini kwa miezi mitano kipande chake kimoja kilikuwa kimebandikwa ukutani juu ya cherehani yangu, na hakikuwa na mchoro wa nguo hata mmoja. Kilikuwa na maswali. Barafu ikizeeka, kwa nini inakuwa ya bluu? Mto wa barafu unatembea, nani anausukuma? Machozi yakitoka kwenye baridi yanaganda shavuni, au yanawahi kufika chini? Dubu anajuaje kwamba sasa ni wakati wa kulala? Mengine yalikuwa kwa mwandiko wangu, mengine kwa mwandiko wa jirani yangu Baridi, na yaliyopata jibu tuliyapiga mstari kwa chaki. Mteja mmoja aliyekuja kupunguza sketi aliyasoma yote, akaniuliza kama nina mtoto wa shule.

Sina mtoto wa shule. Nina miaka hamsini na mitatu, nina binti mmoja mfamasia, na mume wangu alifariki miaka sita iliyopita. Na siku ninayoisimulia, ndani ya mkoba wangu mlikuwa na fomu ya safari ya meli, imejazwa kila mahali isipokuwa mstari mmoja. Ofisi ya wakala wa safari ilikuwa inafungwa saa kumi jioni. Fomu isipofika kabla ya hapo, nafasi zetu wanapewa watu wengine, na meli haiendi tena mpaka mwaka mwingine.

Baridi si jina lake, ni kazi yake. Anatunza mitambo ya ghala la samaki na nyama, mtaa wa pili kutoka kwangu, na mtaa mzima unamwita hivyo mpaka nadhani yeye mwenyewe angeitwa jina lake halisi asingegeuka. Siku ya kwanza alileta ovaroli iliyoharibika zipu. Nikamwambia arudi kesho. Akasema hana haraka, atasubiri, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akatoa kijitabu cha picha na kuanza kukisoma polepole, akilowesha kidole kila anapogeuza ukurasa.

Sasa mimi umbea sina, ila udadisi ni ugonjwa wangu. Nikanyoosha shingo.

"Hicho ni nini?" nikamuuliza.

"Barafu."

"Mlima mzima?"

"Mlima ni ule wa nyuma. Hii ya mbele yote ni barafu, na inatembea."

Nikaondoa mguu kwenye cherehani. Zipu ya ovaroli ile ilimaliza siku tatu, na wala haikuwa zipu ngumu.

Alinieleza kwamba kwa miaka thelathini ametengeneza baridi kwa mikono yake. Barafu yake inaishi kwa umeme. Umeme ukikatika asubuhi, jioni imeshakuwa maji ya kudeki. Halafu akasoma kwamba kuna mahali, kaskazini kabisa, ambako kuna barafu yenye maelfu ya miaka, na hakuna fundi hata mmoja anayeamka kuishughulikia. Akasema anataka kusimama mbele yake aione. Hakusema kwa majigambo. Alisema kama mtu anayekuambia anataka kwenda kumwona mkubwa wake wa kazi ambaye hajawahi kukutana naye.

Tangu siku hiyo akawa anapita baada ya zamu, mkononi ana jibu la swali la jana. Alinipa majibu huku akinitazama, siyo kunitazama kwa kunitamani, hapana, alikuwa anasubiri kuona uso wangu utakavyokuwa nikishaelewa. Barafu ya zamani imebanwa mpaka hewa yote ikatoka, ndiyo maana bluu inaonekana. Mto wa barafu hakuna anayeusukuma, unateremka kwa uzito wake wenyewe, kidogo kidogo, na ukifika baharini unameguka kwa kishindo kinachosikika mbali. Kiangazi huko jua linakawia kuzama mpaka watu wanafunika madirisha ili walale. Nilikuwa nasikiliza na sindano mdomoni. Miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa amenitazama nikielewa jambo, na nakiri wazi, nilikuwa naogopa siku maswali yatakapokwisha.

Hayakwisha. Siku moja akaja na fomu badala ya jibu. Meli ya matembezi, siku kumi na mbili, nafasi mbili zimebaki. Alikuwa amejaza sehemu yake yote kwa herufi kubwa, na akaniachia yangu. Chini palikuwa na mstari ulioandikwa: uhusiano wa wasafiri. Hapo alikuwa hajaandika kitu.

"Hapo utaandika wewe, Fundi," akaniambia. "Ukiandika majirani, tutachukua vyumba viwili, nami nitashukuru. Ukiandika lile ninalolitaka mimi, nitakuja kwenu na wazee wangu wiki hiyohiyo, na meli itukute tumeshaoana. Sitakuuliza tena."

Na kweli hakuniuliza tena. Wiki tatu nilizunguka na fomu ile mkobani.

Binti yangu ndiye aliyeuliza. Alikuja mchana mmoja na koti lake jeupe la duka la dawa, akaikuta fomu mezani nilipokuwa nimeitoa kuitazama, akaisoma yote akiwa amesimama. Hakupiga kelele, na binti yangu asipopiga kelele ujue pana jambo. Akasema hamchukii yule fundi, ni mtu mwenye adabu zake. Ila mwanaume anayeishi peke yake miaka yote hiyo, leo ghafla anataka mwenzi wa safari, huyo si anatafuta wa kumpikia na kumfulia? Na watu watasema nini, mama mtu mzima kuvuka bahari na mtu asiye wake? Nikamjibu kwamba watu wana midomo yao na mimi nina masikio yangu. Kisha akauliza lile alilokuja nalo.

"Na Baba je, Mama? Umeshamaliza naye?"

Nilijifanya natafuta uzi.

Basi, siku ya fomu kufika mwisho ndiyo siku tuliyopanga kujaribu makoti. Mjini kwetu hakuna duka linalouza koti la kwendea kwenye barafu, kwa hiyo niliamua kuyashona mwenyewe, langu na lake. Sikuwahi kushona kitu kama hicho. Nilinunua koti kuukuu la mtumba nikalifumua mshono kwa mshono nione walilifanyaje, nikakuta siri yote ni hewa: matabaka mawili na kitu laini katikati. Nikatumia kitambaa kisichopitisha maji kutoka kwa washona mahema, bitana nikakata blanketi. Kazi hiyo niliipenda kupita kiasi. Langu lilinikaa kama nimezaliwa nalo.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kazi yangu. Kila mteja wangu ana ukurasa kwenye daftari: bega, kifua, kiuno, mkono. Simkatii mtu nguo bila ukurasa. Watu wa nyumbani tu ndio nisiowaandika. Vya kwao nimevishika kichwani, na binti yangu tangu mdogo alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba yeye hayumo kwenye daftari la mama yake. Baridi hakuwa na ukurasa, kwa sababu sikuwahi kumpima. Nilimwambia nina jicho, namwona kila siku, ya nini futi ya kupimia? Ukweli ni kwamba kumpima kifua mtu kunataka umzungushie mikono, na mimi nilikuwa nikifikiria tu jambo hilo nasahau nilikoweka mkasi.

Tulikutana ghalani saa tisa mchana. Binti yangu alikuja pia. Alisema ana mapumziko na anataka kuona huo upuuzi kwa macho yake, lakini alinibebea mfuko wenye makoti njia nzima, na daftari langu akalitia kwenye mkoba wake kama alivyozoea tangu utoto, maana ndiye aliyekuwa mwandishi wangu nikipima wateja.

Chumba cha baridi kina mlango mnene kama godoro. Baridi aliufungua, nikavaa koti langu, tukapita katikati ya mapazia ya plastiki, na hewa ikanikamata pua. Miwani yangu ikaingia ukungu, nikawa sioni mbele wala nyuma. Pande zote palikuwa na maboksi ya samaki yaliyopangwa hadi juu, na feni kubwa ikinguruma. Nilipumua nikaona pumzi yangu imesimama mbele yangu, nikapumua tena makusudi ili niione vizuri.

"Humu kuna baridi mbaya kuliko huko," Baridi akasema. "Huko tutakwenda kiangazi. Ukistahimili humu, huko utaona ni kivuli tu."

Nikamuuliza kwa nini sakafu inateleza na maboksi hayashikani. Nikamuuliza kama samaki akiganda macho yake yanaganda mwisho au mwanzo. Binti yangu akageukia ukutani, na mabega yake yalikuwa yanacheka. Nilidhani siku imeanza vizuri.

Kisha Baridi naye akavaa koti lake.

Mabega yalimwangukia. Mikono ilifunika vidole vyote, na upande wa mbele ukajikunja kwa sababu ndani hapakuwa na mtu wa kuujaza. Yule bwana ni mwembamba, si mrefu, mwepesi wa kupita kwenye mitambo. Alijitazama chini, akavuta ukosi, akasema limekaa vizuri tu, nafasi hiyo ni ya masweta, hata matatu yataingia. Alikuwa anasema hivyo kwa kunihurumia. Mimi nilikuwa nimeshafuta miwani na ninaona.

Fundi wa miaka ishirini na tisa kazini hakosei bega kwa inchi tatu. Hata nikiwa nimefumba macho sikosei hivyo. Binti yangu akanitangulia kusema.

"Mama," akasema taratibu. "Hilo ni koti la Baba."

Bega kumi na tisa, kifua arobaini na nne, mkono ishirini na sita. Hakuna aliyeniambia, na sikuwa nimefungua daftari. Mikono yangu ilikuwa imekwenda nyumbani yenyewe, ikachukua vipimo vya mtu aliyekuwa akiishi humo, na mimi nimekaa hapo usiku na mchana naimba juu ya cherehani, nikidhani namshonea Baridi.

Feni tu ndiyo ilikuwa inaongea. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na maboksi ya samaki. Siyo aibu ya kazi mbaya. Nilikuwa nimepata jibu la swali la binti yangu, na nimelipata mbele ya mtu ambaye sikutaka alisikie.

Baridi akalivua koti. Alibaki na shati lake la kazi, akalikunja lile koti vizuri, mikono ndani, kama mtu anavyokunja kitu cha wenyewe. Hakunipa mimi. Alimpa binti yangu.

"Alikuwa mtu mkubwa," akamwambia.

"Alikuwa mkubwa," binti yangu akaitikia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Liweke. Hili ni la kwenu." Halafu akanigeukia. "Fundi, mabega yale siwezi kuyajaza. Na sikuja kuyajaza. Mimi nilikuja kwa ajili ya ile karatasi ya ukutani." Alianza kutetemeka, lakini hakutaka kutoka. "Usijilazimishe. Lete fomu niandike msafiri mmoja. Nitakwenda, nitaangalia kila kitu, na maswali yako yote yaliyobaki nitakuletea majibu."

Alikuwa anasema kwa wema, na wema wenyewe ndio ulioniumiza. Nilijiona nimekaa kwenye kiti changu, sindano mdomoni, nasubiri mtu arudi kutoka kaskazini aniambie barafu inapomeguka inalia vipi. Miaka sita nilikuwa nimekaa hivyo. Marehemu mume wangu nilimpenda, na hata leo jina lake likitajwa moyo wangu unasimama. Lakini yeye hakuwahi kuniambia nikae.

"Sitaki kuletewa majibu," nikasema.

"Unataka nini?"

"Nataka kuisikia mwenyewe ikimeguka. Na nikishaisikia, nikigeuka pembeni niulize swali, nataka uwe umesimama pale."

Midomo yake ilikuwa imeanza kupoteza rangi, na nikaona nikingoja maneno mazuri zaidi nitamuua. Futi yangu huwa iko shingoni muda wote, hata sokoni nakwenda nayo. Nikaivuta.

"Inua mikono."

"Hapa?"

"Inua mikono, Baridi. Makosa ni yangu na nayarekebisha hapahapa."

Akainua. Nikaanza na bega, nikiwa nyuma yake. Kumi na sita. Mkono, ishirini na mbili na nusu. Nilizisema kwa sauti kama nifanyavyo siku zote, maana mdomo nao una mazoea yake. Nikaja mbele. Nikamzungushia futi kifuani, mikono yangu ikakutana mgongoni mwake, na kwa mara ya kwanza katika miezi yote ile hapakuwa na meza ya kukatia kati yetu. Alinukia sabuni na chuma. Moyo wake ulikuwa unapiga chini ya futi mpaka namba zikawa zinacheza. Hakunitazama; alikuwa anatazama juu, kwenye feni, kama mtu anayeikagua.

"Kifua thelathini na saba," nikasema.

Nyuma yangu nikasikia karatasi. Binti yangu alikuwa ameliweka koti la baba yake chini ya kwapa, amelitoa daftari kwenye mkoba, amefungua ukurasa mpya na kalamu iko tayari. Hakuwa amefikiri. Tangu ana miaka minane mimi nikitaja namba yeye anaandika.

"Usiandike," nikamwambia.

Kalamu ikasimama.

Baridi akashusha mikono. Nikauona uso wake ukibadilika, ule uso wa mtu aliyekuwa amefika mlangoni akaambiwa arudi. "Asiandike?" akauliza. "Utakumbukaje, Fundi? Safari hii ushone kwa vipimo, si umesema unarekebisha?"

Nilikuwa namtazama binti yangu, naye ananitazama, na kati yetu palikuwa na jambo ambalo ni sisi wawili tu duniani tulilijua. Nilimwona akiangalia ule ukurasa mtupu. Akaliangalia koti lililo kwapani. Alikaa hivyo muda ambao kwenye baridi ile ulikuwa mrefu sana, na kama angeandika, naapa, ningemwacha aandike.

Akalifunga daftari.

"Watu wa nyumbani huwa hawaandikwi daftarini, mzee," akamwambia. "Hata mimi simo."

Baridi alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama yeye tena. Ni mtu mwepesi wa kuelewa mitambo, lakini hili lilimchukua muda. Lilipomwingia alikaa chini, juu ya boksi la samaki, na shati lake jembamba, akajifunika uso kwa mikono. Kwa hiyo swali moja la ukutani nililipatia jibu palepale. Machozi hayagandi shavuni. Yanawahi kufika chini.

Binti yangu akaiangalia saa yake, akanyoosha mkono. "Fomu, Mama. Ni saa tisa na robo na kule ni mwendo wa dakika ishirini." Nikaitoa mkobani. Akanipa kalamu, na mgongo wake akaniinamishia niandikie juu yake, kama nilivyokuwa nikifanya alipokuwa anarudi na barua za shule. Vidole vilikuwa vigumu. Kwenye ule mstari niliandika mke na mume, herufi zimepinda, lakini zinasomeka.

Aliisoma. "Basi iwe kweli kabla meli haijaondoka," akasema, akiwa mkali makusudi. "Na huko muwe mnapiga simu." Akapita kwenye yale mapazia na koti la baba yake kwapani, nikasikia viatu vyake vikikimbia koridoni.

Nilimvalisha Baridi koti langu mimi, lililombana, tukatoka nje tukasimama mlangoni kwenye jua. Alitetemeka muda mrefu.

"Kifua ulisema ngapi?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo nimjibu. Hakuna kitu. Bega nililikumbuka, mkono niliukumbuka, ila kifua kilikuwa kimefutika kabisa, na daftarini hapakuwa na herufi.

Ikabidi nimpime tena.